Maji ya Sementi

Ngara, Jumanne, Julai 1995

Lakini ningefanyaje? Mwanangu Yustasi, fundi, aliniachia mpira wa maji nimwagilie zege jipya pembeni ya bwawa la kuogelea la wafadhili wa kambi ya wakimbizi, lisije likapasuka kwa jua.

Akaja mama mkimbizi na ndoo. "Shikamoo mzee. Sementi hii nayo ni mkimbizi? Mbona mgao wake mkubwa kuliko wetu?"

Sikucheka. "Marahaba. Maji si yangu, mama."

"Hata wanangu si wako," akasema, akaondoka na ndoo tupu.

Niliogopa kwamba ningempa, Yustasi angefukuzwa kazi. Jumapili padri anakuja kunipaka mafuta ya wagonjwa, nami niliyefundisha watoto wa watu huruma nimemnyima mama maji.

Mama alipokwenda nikaendelea kumwagilia, polepole, nisiache hata kona moja kavu.