Neno la Nesi wa Kitale

Kimilili, 9 Agosti 2004

Mjukuu wangu Nekesa,

Salamu nyingi. Hatujambo, na ng'ombe amezaa. Unauliza ninaendeleaje tangu Babu yako atuache. Niko stable.

Neno hilo nililipata hospitalini Kitale. Kila asubuhi nesi alisema, "Mzee yuko stable," nami nikafurahi nikidhani anapona. Siku moja nikaanza kukunja mablanketi twende nyumbani.

Babu akacheka kidogo. "Mama Wafula, maana yake sijapanda, sijashuka. Si ukae tuongee?"

Nikakaa. Tuliongea juu ya mahindi, juu ya ndoa yetu, mpaka chai ikapoa. Bila yeye kunieleza, asubuhi ile ningeimalizia kwenye mablanketi, na hatukupata nyingine.

Nimechoka sasa. Ukisali, unitaje.

Kukhu wako