Dalmas na Kura ya Ndiyo

Terry, uko? Bado nina hasira.

Leo kwa maombi yetu ya siri ya Ijumaa hapa Mahjar, huku kwa Waarabu ambako Wakristo haturuhusiwi kuabudu, Gilbert ametusomea kutoka kwa simu yake ati kuna nchi huko ng'ambo raia wamepiga kura wakapitisha ndoa za mashoga. Nikauliza, ni mtu gani mwenye akili timamu anaweza kupiga kura hiyo?

"Mimi ningepiga ndiyo."

Dalmas! Yule dereva anayetuongoza kwa maombi!

Ati, "Sisi wenyewe tunaimba kwa kunong'ona na blanketi mlangoni sauti isitoke. Siwezi kupiga kura mtu mwingine aishi kwa kujificha."

Wueh! Nikamwambia shetani ashindwe. Sote tukapiga kelele, atoke! Atoke!

Mara mlango ukagongwa. Haris, yule mlinzi wa jengo. Tukaganda. Biblia yangu iko wazi katikati ya zulia.

Dalmas akaisukuma ndani ya shati, akafungua, akamwambia kwa Kiarabu ni sherehe ya kuzaliwa, samahani, halas, yaani basi, tumemaliza. Haris akaenda.

Amenirudishia Biblia, akavaa viatu, akatoka.

Amepotoka, Terry, hilo sibadilishi. Lakini ndiye aliyetuokoa, na hakuna aliyemzuia asiende. Tukarudisha blanketi mlangoni, tukaendelea kuimba kwa kunong'ona.