Mbao Zilizoloweshwa Baharini

Jumanne usiku, 1996

Na alifanya kwa nia njema, hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Zile mbao mpya za jukwaa la kusimamia mafundi, za tabaka zilizogandishwa kwa gundi, nilizichagua mwenyewe huko Mbaraki nikikagua kila ukingo. Shemeji Athumani, mume wa dada yangu na fundi wangu mkuu, akazilowesha baharini bila kuniuliza, kama tufanyavyo mbao za mnazi zisiliwe na wadudu. Leo zimekauka, na tabaka zinaachana. Ukucha wangu unaingia.

"Shemeji, bahari haijapata kuharibu mbao," akasema mbele ya mafundi. "Kesho napanda mimi kwanza."

Namjua. Akishasema mbele ya watu, harudi nyuma. Na ile nyumba tunayoijenga ni ya ghorofa tatu, chini ni mawe matupu.

Walipokwenda kuswali magharibi nikachukua msumeno, nikazikata zote katikati. Aliporudi Athumani aliviangalia vile vipande, akabeba kikapu chake cha vifaa akaenda zake bila kuniaga.

Kesho sina mbao, na mwenye nyumba atafoka. Sijui nitamwambia nini.

Dada amekuja sasa hivi kulalamika. Mumewe amenuna, hataki hata kula.

Mwache anune. Kesho pia atarudi nyumbani.