Mlango Wangu Hautolewi

Jumanne, baada ya Isha.

Eti mlango wangu umechakaa, tuweke wa chuma! Mwanangu Hamisi amekwisha kumwita fundi, aje kesho. Mlango wa maua niliouchonga mimi mwenyewe, Kinondo nzima hauna mfano!

Leo nimeazima mashine ya kupuliza hewa ya moto, nikaibandua rangi kuukuu yote. Mke wangu akapiga kelele, "Mzee, utatuunguza!"

"Ukiitembeza haiunguzi," nikamwambia. "Huunguza ukiituliza mahali pamoja."

Na papo hapo nikaituliza.

Ua moja limeungua. Nimemwambia kelele zake ndizo zilizonishtua. Kumbe ni mkono, siku hizi unachoka upesi.

Lakini maua mengine yamefufuka. Huyo fundi wa chuma na aje. Atanikuta nimekaa kizingitini, mashine mkononi, inavuma.