Mdomo wa Kiondo Ulichokiacha

Mama,

Kiondo kimenifikia. Shangazi Syombua alikitoa jikoni ulikokitundika, akampa muuguzi mwenzangu aliyekuwa akirudi Doha. Kitako umekimaliza, kiuno kimepanda hadi juu, nyuzi za katani zinaning'inia pande zote. Ulibakiza mdomo tu. Nilikiweka kitandani hapa Doha, mtaa wa Abu Hamour, nikakinusa. Kinanuka moshi wa jiko lako. Nililia mpaka Nakato, Mganda ninayeishi naye chumba kimoja, akazima redio yake.

Mazishi yako niliyaona kwenye simu, nimejibanza stoo ya mashuka kazini, picha ikikatikakatika. Sikuliona jeneza likishuka.

Watoto wa wenzako walilelewa kwa hadithi za sungura na fisi. Sisi, wana wa mwalimu wa historia, tulilelewa kwa Wamongolia. Ulisokota katani pajani huku ukitueleza walivyoitawala Urusi ya kale chini ya Khan, mfalme wao. Chapati zikiiva, ulikata kipande katika kila sahani ukasema, "Fungu la Khan." Ulipochoka kukusanya, ukamteua Kaka Mutua akukusanyie. Haikupita wiki, sahani ya Mutua ikawa imejaa kuliko zote. Tulipolalamika ulicheka: "Sasa mmejua Moscow ilivyonenepa!" Wakuu wa Moscow, ulisema, walipata nguvu kwa kuwakusanyia Wamongolia ushuru wa fedha na manyoya kutoka kwa ndugu zao wenyewe. Mpaka leo Mutua tunamwita Moscow. Alishindwa kusoma wasifu wako, Mama. Moscow mzima alikaa chini akalia.

Lakini la mafundi hukulichekea kamwe. Miji iliyochomwa ilijengwa tena, ulisema, na biashara ikarudi, hata ushuru watu wakauzoea. Mafundi waliochukuliwa kwenda kumfanyia Khan kazi ndio hawakurudi. Kwa vizazi watu walibaki na hereni za bibi zao, wakizigeuzageuza kiganjani, wala hapakuwa na aliyejua zilivyotengenezwa. "Kitu kimebaki, mkono umekwenda," ulisema, kisha ukaendelea kusokota.

Mama, mkono umekwenda.

Wewe ulituanzishia kitako, kiuno ukatuachia sisi, na mdomo ukaufunga mwenyewe kwa ule msuko uliourithi kwa bibi, ambao hata wanawake wa chama chako hawaujui. Nilipokuwa nasafiri ulisema, "Wewe nenda tu. Ukija likizo nitakufundisha mdomo." Likizo yangu ni Desemba. Ungengoja, Mama. Mbona hukungoja? Nimekukasirikia, na hasira yenyewe sina pa kuipeleka.

Nakato, ambaye kwao husuka mikeka, alikitazama akasema, "Dada, fumua kile chako cha zamani, tuone mama alifungaje." Alimaanisha kile ulichonipa uwanja wa ndege, ninachobebea chakula kazini. Nilimfokea asikiguse. Ndicho cha mwisho ulichokimaliza kwa mikono yako. Nikikifumua, sina tena kitu chako kizima. Nisipokifumua, msuko wa bibi nao umezikwa, na hao Warusi wako watanicheka.

Nimemwomba Nakato radhi. Ijumaa sina zamu. Tutakaa sakafuni, viondo viwili magotini, nifumue fundo moja la kile cha zamani, nilifunge kwenye hiki, ndipo niende la pili. Nitakosea. Ungekuwepo ungenigonga kidole useme, "Rudia." Nitarudia, Mama, hata kama hakuna wa kunigonga.

Desemba nitakuja nacho kaburini, mdomo umefungwa, hata ukiwa umepinda. Nikitoka hapo nitaenda kwa Moscow, nimketishe binti yake Mwende, nimfundishe mdomo kabla ya kitako. Sitamwambia angoje likizo.

Lala, Mwaitu, mama yangu. Katani ninaisokota mimi sasa.

Mwanao,
Mumbua