Kapteni Aliyeomba Chai

Fatumah! Nimelipiza! Lori la kuja kwenu Koboko linapakia, kwa hiyo naandika mbio kwenye karatasi ya sukari.

Unamjua Lukumani, yule anayesimama kando ya shuka la sinema na kutufasiria filamu. Katika ile ya kwanza ya watu wa nyota, mtu wa chuma alipotokea nilipiga kelele, naye akatangaza, "Kaltumu iko naogopa sufuria!" Tangu siku hiyo soko zima la Arua linaniita Sufuria. Hata mama yake Ramathan, huyo Ramathan anayetaka kunioa!

Sasa sikia. Juzi Lukumani akanijia polepole, eti, "Dada, wewe kwisha ona ile filamu ya tatu huko Koboko. Mwisho iko namna gani?"

Fatumah, Kiingereza hakijui! Hajawahi kukijua!

Nikamwambia kapteni wa chombo cha nyota anaungua, anakufa.

Leo chombo kiliposhika moto, Lukumani akavua kofia. "Kapteni nakufa! Lieni, watu!" Ukumbi ukalia. Mama yake Ramathan alilia mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani.

Halafu kapteni akatoka kwenye moshi, akaomba chai.

Akaomba chai!

"Lukumani!" Ni mama yake Ramathan huyo. "Maiti yako iko nakunywa chai!"

Watu walicheka, wakamrushia maganda ya karanga. Lukumani akanitafuta kwa macho. "Sufuria, umeniua."

Nikasimama. Mimi, Fatumah, nikasimama mbele ya watu wote, nikamwonyesha Lukumani kwa kidole, nikasema kwa sauti, "Kapteni nakufa. Lieni, watu!"