Maswali ya Tamandani, na Lile la Mgeni Wake

Kijiji cha Kamtedza,
Mponela, Dowa.
Tarehe 19 Agosti.

Mpendwa kaka yangu Lufeyo,

Pokea salamu nyingi kama karanga za mwaka huu. U hali gani huko Durban? Kifua je? Uliniambia baridi ya huko inatoka baharini na kuingia moja kwa moja kwenye mifupa, na tangu siku hiyo kila nikijifunika lile blanketi lako naona haya, kana kwamba nimekuvua wewe. Unakula lakini? Nsima ya unga wa mahindi unaipata, au bado ni ule mkate wa kukata vipande? Hebu uniambie ukweli, usinifiche kama ulivyonificha ulipovunjika kidole.

Sisi hapa hatujambo kiasi. Mguu wangu hunisumbua asubuhi tu, ukishapata jua unatulia. Shemeji yako Baba Falesi ana mafua, lakini mdomo wake haukuugua. Karanga tumevuna, tunabambua kila siku mpaka vidole vimekufa ganzi. Kaburi la mama tumelifagia.

Barua hii anakuletea Bizeki wa kwenye basi. Nimeiandika kwa mkono wangu, ndiyo maana mistari inapanda kilima. Tafadhali usinijibu kwa simu. Simu ninayotumia aliinunua Tamandani, na siku hizi ikilia yeye ndiye wa kwanza kuifikia.

Basi jambo lenyewe ni huyo huyo Tamandani, mpwa wako.

Amekuja likizo ndefu kutoka chuoni, na amekuja na karatasi. Anasema ni kazi waliyopewa na mwalimu, wakaulize watu vijijini kisha warudi na majibu. Nilidhani watauliza habari za mbolea. Siku ya kwanza tumekaa kwenye mkeka tunabambua, akaniuliza: "Mama, ukikasirika, hasira unaisikia wapi mwilini?"

Nikamwambia mkononi, ndiyo maana ulipokuwa mdogo ulikuwa ukinikimbia.

Hakucheka. Aliandika! Kisha akaniuliza naota nini. Akaniuliza mtoto akianguka, mama mwema humnyanyua au humwacha anyanyuke mwenyewe. Kaka, mimi nimelea watoto, sijawahi kuulizwa nimefanyaje. Nilijibu, lakini moyoni nikasema, chuo kizima kimekaa huko mjini kinataka kujua ndoto za Eneresi za nini? Mtu akikuuliza unaota nini, kuna anachotafuta.

Siku iliyofuata yakaja ya dini. Kumwomba Mungu mvua na kuwaomba waliotangulia, kuna tofauti gani? Mtoto mchanga akifa, Mungu alikuwa wapi? Nikatazama mlangoni kwanza, maana mzee wa kanisa hupita njia hii. Nikamwambia, "Wewe umetumwa na nani, kanisa au chifu?" Akasema, "Nimetumwa na mwalimu, mama. Hakuna jibu la kukosea." Hapo ndipo nilipozidi kuogopa. Mtihani usio na jibu la kukosea ni mtihani gani? Hata mtego wa panya hauna shimo la kukosea.

Tena karatasi yenyewe ni ya Kiingereza. Anaisoma kimya, halafu ananiambia kwa lugha yetu. Mimi niliishia darasa la nne, Kiingereza changu ni cha kusoma mfuko wa sukari, lakini macho ninayo. Kuna mahali mstari ulikuwa mfupi kama kidole, swali likatoka refu kama hotuba ya msibani. Nikalitia moyoni.

Kisha akaja mgeni.

Anaitwa Wanangwa, mtu wa kaskazini, Rumphi. Amefikia kwa jamaa zake pale senta, penye maduka. Tamandani anasema mwalimu amewaunganisha wawili wawili, mmoja aulize, mwingine aandike. Ni kijana mrefu, mpole, viatu anavivua mbali kabla hajafika kwenye mkeka. Aliketi chini, kiti akakikataa. Baba Falesi akaninong'oneza, "Mtu anayekataa kiti ana shida kubwa kuliko kiti."

Na maswali yake, kaka! Katika ukoo huu kumewahi kuwa na mtu aliyepotewa na akili? Watu wakiugua hapa huenda hospitali kwanza au kwa mganga? Nani mwenye neno la mwisho katika nyumba hii? Ardhi ni ya nani? Halafu akamgeukia Baba Falesi: mwanamume anayehamia kwao mkewe anajisikiaje?

Baba Falesi akapenga kamasi, akasema, "Andika hivi, kijana. Nimekaa hapa mpaka mvi, na bado nikitaka kukata mti naomba ruhusa. Mti nimeupanda mimi."

"Na mwenye kutoa ruhusa ni mama?"

"Mama? Mama ni spika tu. Redio yenyewe iko Durban."

Wakacheka wote. Mimi nilicheka kwa meno. Maana yule kijana, kicheko kilipoisha, aliuliza kwa sauti ya chini: "Huyo mjomba aliyeko Durban ni mtu wa namna gani? Hukasirishwa na nini?" Na Tamandani, mwandishi wetu, hakuandika. Kalamu ilikuwa mkononi, mkono umetulia. Wakati wa kuondoka akauliza tena: "Na mjomba hurudi lini nyumbani?"

Jirani yangu NaMwale alikuwa upande wa pili wa ua, anajifanya anapepeta. Mgeni alipopotea njiani akaja mbio na ungo wake kichwani. "Mwenzangu," akasema, "hayo ni maswali ya chuo au maswali ya kuku?"

Nikajifanya sijaelewa. Akaniita kwa jina la ukoo wetu.

"Usinifanye mtoto, NaPhiri! Wazimu upo? Uganga upo? Mwenye neno ni nani? Mimi kabla sijaolewa walikuja wanawake wawili kwetu kuomba chumvi, wakauliza hayo hayo, neno kwa neno. Chumvi yenyewe waliisahau!"

Kaka, unazijua mila zetu. Kabla jogoo wao hajaja kukutana na tetea wetu mbele ya washenga, hutangulia wapelelezi wanaoukagua ukoo kimyakimya. Lakini hutumwa watu wazima. Hawi mwoaji mwenyewe na kalamu. Usiku ule nilibaki kubambua peke yangu. Nikasema, kama ndivyo, basi kijana huyu amefundishwa chuoni kutuzunguka. Amewaruka washenga, amekuruka wewe nkhoswe wetu, msimamizi wa ndoa za mabinti, anatupeleleza kwa mkono wa binti yangu mwenyewe.

Sina haja ya kukukumbusha ya Falesi, dada yake Tamandani. Yule bwana wake alikula kwenye sahani zangu msimu mzima wa kilimo. Siku moja tukaamka wameondoka pamoja, akatuma neno kwamba mambo ya kuku atayashughulikia baadaye. Baadaye haikufika. Alipomrudisha Falesi na mtoto mgongoni, tulimwita nani? Nkhoswe wake hatukumjua. Wewe ulipanda basi kutoka huko kuja kuzungumza na watu ambao hawakuwahi kutupa hata jina. Falesi yuko hapa anabambua karanga nami, na tangu Tamandani alete karatasi yake yeye ndiye mtu asiyecheka. Tamandani amebakiza mwaka mmoja. Mwaka mmoja tu, kaka. Yakitokea yale yale, nitakuwa na mabinti wawili mkekani.

Basi nikafanya upelelezi wangu. Siku ya kusaga nilikwenda mashineni na ndoo yangu, nikijua nitamkuta Memory, yule binti wa fundi wa baiskeli. Anasoma darasa moja na Tamandani. Nikamwambia, "Mwanangu, nasikia mna maswali. Mbona hunihoji mimi? Au majibu yangu yana pumba?"

Akaona haya, akatoa karatasi yake. Tukakaa juu ya magunia, akaniuliza yote mpaka unga ukatoka. Hasira ilikuwamo. Ndoto zilikuwamo. Mvua na waliotangulia, yalikuwamo. Hata mtu aliyepotewa na akili, hata mwanamume anayehamia kwa mke. Kila nililodhani ni ujanja wa yule kijana lilikuwamo kama lilivyo. Moyo ukaanza kushuka mahali pake. Nikaona nimemwonea mtoto wa watu.

Memory akakunja karatasi. Nikamwuliza, "Yameisha?"

"Yameisha, mama. Asante sana."

"Na la mjomba?"

"Mjomba yupi?"

"Anakasirishwa na nini. Anarudi lini."

Akaniangalia kama mtu anayetazama mgonjwa. "Hakuna hilo, mama. Mwalimu atamjulia wapi mjomba wako?"

Nilirudi nyumbani na ndoo kichwani wala sikuusikia uzito wake. Tamandani sikumwambia kitu. Nilimtazama tu. Nilimtazama akisonga nsima, nilimtazama akichota maji, mpaka akaniuliza, "Mama, nina nini usoni?" Nikamwambia, "Pua."

Juzi Wanangwa alikuja kuaga, anarudi kwao kabla chuo hakijafunguliwa. Alileta mchele wa Karonga. Nikampa togwa, nikamwacha anywe nusu, maana mtu haulizwi kikombe kikiwa kimejaa. Falesi alikuwapo, Baba Falesi alikuwapo. Nikasema:

"Mwanangu, mwalimu wenu anamtakia nini ndugu yangu Lufeyo?"

Akamwangalia Tamandani. Tamandani akaangalia chungu.

"Usimtazame huyo, hana mdomo leo. Ninakuuliza wewe."

Akaweka kikombe chini. "Mama, lile si swali la mwalimu."

"La nani?"

"Langu."

Hata Baba Falesi alisahau mafua yake. Kijana akasema, "Kwetu kaskazini mtoto ni wa baba, na mtu hupeleka ng'ombe kwa baba. Tamandani aliniambia kwenu nikija na ng'ombe bila mjomba, nitarudi na ng'ombe wangu. Sikujua pa kuanzia. Nikaona niulize."

Nikamwambia kwa ukali wote nilio nao, "Huyu amebakiza mwaka mmoja wa masomo!"

"Najua, mama. Hata mimi. Ndiyo sababu niliuliza anarudi lini. Sikusema aje kesho."

Baba Falesi akacheka kicheko cha kukohoa. Mimi sikucheka. Mtu anayejua kujibu vizuri namna hiyo namtilia shaka bado, na nitaendelea kumtilia shaka mpaka nione anavyojibu akiwa na njaa. Kaskazini ni mbali. Huyo anaweza kutaka kumpeleka mtoto wetu huko akafanywe mtu wa ukoo wa wengine, na wajukuu wazungumze Kitumbuka mbele yangu nisielewe wananisema nini. Na Tamandani naye amenidhulumu. Angeniambia mimi mama yake, asingenipitisha kwenye hasira na ndoto na mvua kwanza. Nilimwambia hivyo mgeni alipoondoka, akalia, nikalia, tukaendelea kubambua.

Lakini nitakuambia kilichonifanya nichukue kalamu. Mgeni alipokwisha kuvaa viatu, Falesi alisimama. Falesi, ambaye hajasema neno likizo nzima. Akasema, hata si kwa mtu, "Yule wangu alikula hapa msimu mzima, hakuwahi kuuliza jina la mjomba." Akaokota ungo akaenda zake nyuma ya nyumba.

Basi kaka, nakuomba uje. Si sasa, njoo Krismasi, kama bosi wako atakuruhusu. Wewe ndiye unayesimama mbele yetu. Usije kukubali, wala usije kukataa. Njoo uulize. Wao wametuuliza vya kutosha, wamejaza karatasi. Sasa ni zamu yetu. Muulize kwao kuna wazimu? Muulize kuna kifafa, kuna uchawi, wanaume wa kwao huinua mkono? Muulize nkhoswe wake ni nani, kwa jina na kwa kijiji, na huyo mtu aje aketi hapa kwenye mkeka tumwone uso. Muulize Tamandani akimaliza chuo atafanya kazi au atafungiwa jikoni. Na mwambie maswali yetu jibu la kukosea lipo.

Nilimwambia kijana kwamba utakuja. Nisamehe, nimekusemea kabla ya kukuuliza. Na lile lake lingine nililijibu. Nilimwambia ukitaka kumkasirisha ndugu yangu, pita nyuma yake.

Nisalimie wenzako wote wa nyumba mnayoishi, hasa yule mzee wa Ntcheu aliyekufunga kidole. Baba Falesi anakusalimu, anasema redio isikatike. Falesi anakusalimu na mwanawe, ambaye sasa anatambaa mpaka kwenye majivu. NaMwale anakusalimu na anataka kujua kama umeoa. Tamandani hajui naandika, lakini pokea salamu zake, maana najua anazo.

Mungu akulindie kifua chako, na baba na mama waliolala hapa wakuangalie njiani. Ukipanda basi, kaa mbali na dirisha.

Ni mimi dada yako akupendaye kuliko anavyojua kuandika,

Eneresi

Nyongeza: Yule tetea mweupe uliyeniachia hela nimnunue, walikuja watu wa sokoni kumtaka. Nimewaambia hauzwi.